Gia Zilizopauka

Kabla sijawaambia habari ya helikopta, ngojeni niwaambie habari ya miguu yangu.

Nilipokuwa mtoto kule Nyabiyonza, mama yangu hakuogopa njaa kama alivyoogopa kupauka. Njaa iko tumboni, alisema, nani ataiona. Lakini mtoto akitoka nyumbani miguu imepauka, myeupe kama amelala jikoni kwenye majivu, kijiji kizima kinajua huyu hana mama. Kwa hiyo hata siku tulizokula ndizi bila maharage, tulipakwa. Jirani yetu mwenye ng'ombe alimpa mama amajuta, samli ile yenye harufu ya moshi, kwenye kipande cha jani la mgomba. Mama aliiyeyusha kiganjani, akatupaka kuanzia paji la uso mpaka kisigino, na ukijaribu kukimbia alikushika sikio.

Siku ya Kipaimara yangu ng'ombe wa jirani walikuwa wamekauka maziwa. Samli hakuna. Mama alizunguka nyumba nzima, akarudi na kikaango. Jana yake tulikuwa tumekaanga dagaa, na mafuta yalibaki chini, yameganda. Akaniangalia, nikamwangalia. Nikapakwa.

Njia nzima kwenda kanisani nilifuatwa na paka. Si paka mmoja. Wenzangu kwenye mstari walikuwa wanageuka kunusa, na yule aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza kama nimebeba chakula cha njiani. Askofu alipofika kwangu akachovya kidole kwenye mafuta yake matakatifu anitie alama ya msalaba kwenye paji, kidole kikateleza mpaka kwenye nyusi. Akajaribu tena, kikateleza tena. Akatabasamu, akanong'ona kwamba huyu amekuja ameshapakwa. Mama alikuwa nyuma kwenye benchi, amenyoosha shingo, anafurahi. Yeye aliona mtoto anang'aa. Harufu hakuiona.

Chekeni tu. Mimi nilikaa na aibu ile muda mrefu, lakini somo lililoniingia siku ile lilikuwa kwamba bora unuke dagaa kuliko kupauka. Nimezeeka nalo. Mpaka leo nikinawa mikono, napaka mafuta. Sifikirii. Ni kama kufunga mlango ukitoka.

Ninyi vijana wa gereji za Omurushaka na Kayanga mnaniita Mzee Helikopta, na wengine mnadhani nilikuwa rubani. Sikuwa rubani. Shule niliishia darasa la nne. Sikufukuzwa, niliichoka nayo ikanichoka. Nilikwenda Mwanza kubeba magunia ya kahawa, na kutoka kwenye magunia nikapata kazi ya kufagia hanga la kampuni moja ya helikopta. Nikafagia mpaka fundi mmoja akanionea huruma, au alichoka kuinama, sijui. Akaniwekea bomba la grisi mkononi. Tangu hapo jina langu likawa Laurenti Grisi, na nimeishi kwa kupaka: kujipaka mimi, na kupaka vyuma.

Fundi yule aliitwa Mashaka. Mtu mfupi mwenye masikio makubwa, haongei mpaka umekosea. Kosa langu la kwanza niwaambie, maana litawafaa. Nyuma kabisa ya helikopta, kwenye mkia, kuna gia boksi ndogo inayozungusha ile pangaboi ya pembeni. Gia boksi hiyo ina kijidirisha cha kioo, kidogo kama kifungo cha koti. Asubuhi unachungulia uone kama oili ipo. Nikachungulia, nikaona kahawia, nikapiga kelele kwamba ipo. Mashaka akaja polepole, akaushika mkia, akautikisa.

"Chungulia tena," akasema. "Imecheza?"

Haikucheza. Ile kahawia ilikuwa doa lililoganda kwenye kioo. Oili yenyewe ilikuwa imevuja usiku kucha, imelala chini kwenye sakafu niliyokuwa nimeifagia mwenyewe na kuirushia mchanga bila kujiuliza imetoka wapi. Mashaka hakunipiga. Alinipa mswaki wa meno, nikasugua kijidirisha kile mbele ya marubani wote mpaka wakamaliza chai yao. Basi hilo mlishike, hata kwenye mashine zenu za kukoboa: oili iliyo hai inacheza. Usiamini rangi. Tikisa.

Akanifundisha kusikiliza kwa bisibisi. Ncha unaiweka kwenye mwili wa gia boksi, mpini unaubana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, na chuma kinakuambia kila kitu. Beringi inayokufa inalia kama mtu anayetafuna mchanga. Gia nzuri inaimba wimbo mmoja, haiparui. Na akanifundisha kidole. Gia mpya au gia ya zamani, kabla hujaifunga, vua glavu, pitisha kidole cha pili jino kwa jino, taratibu, kama unavyopapasa mdomo wa chupa kuona kama umevunjika. Jicho linaona kuwa chuma kinang'aa. Kidole kinaona mkwaruzo mdogo unaoweza kuua watu. Mashaka alisema fundi anayegusa gia kwa glavu ni kama mtu anayeonja mchuzi kwa kijiko kilichofungwa kwenye nailoni.

Nilijivunia kidole hiki. Nawaambia hivyo kwa sababu aibu haiingii mahali ambapo mtu hakujivunia.

Sasa mjue kazi ya oili. Ndani ya gia boksi chuma kinasagana na chuma. Oili inateleza katikati, na pia inabeba joto. Ikitoka, joto halina pa kwenda; chuma kinavimba, jino linang'ang'ania jino, mwisho vinashikana kama vimechomelewa. Kwenye pikipiki unasimama kando ya barabara, unapiga simu, unakaa kivulini. Angani hakuna kando ya barabara.

Nilikuwa nimeshastaafu, nimerudi nyumbani kwenye migomba yangu, kampuni ile ilipoleta helikopta huku kwetu kupima madini kwenye vilima vya Kyerwa. Ikawa inalala kwenye uwanja wa Ihanda. Siku moja ikiwa juu huko Kyerwa, bomba la oili la gia boksi likapasuka, taa nyekundu ikawaka, rubani akaitupa ndege chini kwenye shamba la maharage la bibi mmoja. Ilitua salama. Bibi alikuja na jembe begani, akawatazama, akauliza kama wameshakula. Rubani alipopewa kikombe cha uji alikiweka chini bila kukionja. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa mhandisi kijana, binti wa Muleba, wanamwita Koku. Yeye uji aliunywa, akamrudishia bibi kikombe, akaenda nyuma ya mgomba akatapika.

Koku ndiye aliyenitafuta. Alikuja mpaka nyumbani, kwa bodaboda, akapiga magoti kabisa kwenye ua wangu kunisalimia kama walivyomlea kwao.

"Shikamoo, Ta Laurenti. Nimeambiwa wewe ndiye uliyemfundisha yule aliyenifundisha mimi."

Kwa salamu kama hiyo, na kuniita Ta, kama kwetu tunavyomwita baba, ningemfuata mpaka Kongo.

Akanieleza. Alikuwa anataka gia boksi ya mkia isiyoitegemea oili hivyo. Siyo kwamba oili itupwe kesho, hapana. Alitaka kwamba hata oili ikimwagika yote, meno yaendelee kuzunguka muda wa kutosha rubani achague mahali pa kutua, asitupe ndege kwenye maharage ya watu. Meno yanapakwa unga mweusi, laini kama masizi, ambao unateleza wenyewe. Unaupuliza juu ya chuma, unauoka kwenye oveni, unashika kama ngozi. Halafu mnaifunga gia boksi, hamtii oili hata tone, mnaizungusha kwa injini ya dizeli na kuibebesha mzigo mpaka dizeli iishe. Kama ikifika mwisho wa tanki haijashikana, kampuni itaiendeleza kazi yake. Ikishikana kabla, basi. Meneja alikuwa amemwambia wazi kwamba akishindwa atarudi Mwanza kusimamia stoo, na habari ya gia kavu asiitaje tena. Walimpa seti mbili tu za gia.

Mimi nilicheka. Mbele ya watu wote wa lile ghala la kahawa walilokodi pale Kihanga, nilicheka. Nikamwambia chuma kisichopakwa ni kama mtoto asiye na mama. Nikaziita gia zake gia zilizopauka. Jina likashika. Hamisi, fundi wa jenereta, mtoto wa wenye maduka wa Kayanga, mtu wa mizaha, akawa kila asubuhi anauliza, "Waliopauka wameamkaje?" Koku naye akawa anacheka. Hakuwa mtu wa kununa.

Kuna jambo nililiona na nikalinyamazia, nalo linanichoma mpaka leo. Mikono ya Koku. Binti mzima, amesoma, anatoka kwa watu wa maana, lakini mikono ilikuwa imepauka kama ya mchoma mkaa. Vifundo vimepasuka. Vumbi letu lile jekundu limeingia kwenye nyufa. Nilimwonea huruma, na huruma yangu ilikuwa na dharau ndani yake. Nilijisemea kwamba kusoma kote huko, mama yake hakumfundisha kujipaka. Siku moja tukinywa chai nikatoa kopo langu dogo la mafuta ya mgando, nikamsukumia.

"Paka, mwanangu. Watu wataona."

Akaangalia kopo, akaniangalia, akatabasamu. "Asante, Ta. Nitapaka jioni."

Nikamwona mtoto mwenye heshima. Kopo nikalirudisha mfukoni.

Siku ya kuandaa gia, zilipigwa mchanga mwembamba mpaka zikawa na rangi ya kijivu, zimekauka hasa, ukizitazama tu koo linakauka. Zikaoshwa kwa spiriti. Kazi yangu ilikuwa kuzikagua na kuzitundika kwenye waya tayari kwa kupulizwa ule unga. Koku alinipa glavu. Zilikuwa za mikono ya wanafunzi. Nikavuta moja ikapasuka, nikavuta nyingine ikapasuka. Nikamwambia, mwanangu, hizi ni za watoto, mimi nitanawa tu. Alikuwa anahangaika na oveni, moto unapanda na kushuka kwa sababu ya umeme wetu huu. Akasema, bila kugeuka vizuri:

"Sawa, Ta. Lakini nawa kabisa. Na ukaushe."

Nikanawa kwa sabuni. Nikarudia. Nikakausha kwa taulo safi, kidole kwa kidole. Kisha nikakagua kama nilivyofundishwa na Mashaka, kila jino, kidole cha pili, taratibu. Zilikuwa gia nzuri. Sikuona mkwaruzo hata mmoja. Nikazitundika, nikarudi nyuma kuziangalia zinavyoning'inia, na nikasikia fahari, maana nilikuwa nimeifanya kazi yake kama kazi yangu ingawa siiamini.

Zikapulizwa, zikaokwa. Zikatoka nyeusi, nzuri, kama kahawa iliyokaangwa na mtu asiye na haraka.

Meneja alikuja kutoka Mwanza kuona. Mtu wa shati lililonyooka, hapandishi sauti. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Hamisi akawasha injini, mkanda ukashika, gia boksi ikaanza kuzunguka kwenye stendi yake ya chuma, haina oili hata ya kupaka unyoya. Nikaweka bisibisi sikioni. Ilikuwa inaimba. Nikamtikisia Koku kichwa kwamba ni nzuri, na nilishangaa mwenyewe.

Haikwenda mbali. Tanki halijafika hata nusu nikasikia kitu kama mtu anavuta kiti juu ya sementi. Halafu kutafuna. Halafu harufu ile, nyinyi mnaijua, ya chuma kilichoungua, na kabla Koku hajainua mkono Hamisi alikuwa ameshazima. Gia boksi ilisimama kwa mshtuko, mkanda ukaruka.

Meneja aliinuka kwenye kiti. Alitazama saa yake, akatoka nje kupiga simu.

Tukaifungua ikiwa bado ya moto. Koku akamulika tochi. Unga mweusi ulikuwa bado umeshika sehemu nyingi, umeshika vizuri kabisa. Lakini kwenye kila jino palikuwa na mahali umebanduka, na mahali pale palikuwa na umbo. Duara la kurefuka, dogo, jino hili, na jino lile, na linalofuata, mstari mmoja, ukubwa mmoja. Kama mtu amepita na muhuri.

"Panya wa huku wana vidole," Hamisi akasema.

Watu wakacheka, nami nikacheka. Koku hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yangu. Ilikuwa juu ya meza, inang'aa.

"Ta Laurenti," akasema taratibu, "siku ile ulinawa?"

"Nilinawa, mwanangu. Kwa sabuni."

"Ukakausha?"

"Nikakausha na taulo."

"Halafu?"

"Halafu nikapaka mafuta, nikaanza kazi."

Nilijibu kama mtu aliyeulizwa kama alivaa suruali. Hata nikaingiza mkono mfukoni nikatoa kopo, nikaliweka mezani pamoja na gia zile zilizoungua, ili aone kwamba ni mafuta mazuri, siyo ya ovyo. Hamisi alilitazama kopo, akainamisha kichwa. Mtu ambaye hakuwahi kuacha nafasi ya mzaha ipite, aliiacha hiyo. Hapo ndipo nilipoelewa. Unga ulishika kwenye chuma. Pale palipokuwa na mafuta yangu ulishika mafuta, na mafuta hayakushika kitu. Jino kwa jino. Kama ningegusa moja tu labda ingepona. Lakini mimi nilikuwa fundi makini.

Nikaangalia mikono ya Koku. Nyufa zile, vumbi, vifundo vyeupe. Nikaelewa na hiyo pia. Siyo kwamba hakufundishwa. Alikuwa ameacha kujipaka tangu kazi ile ilipoanza, mchana na usiku, ili asichafue gia zake. Alipauka mbele ya watu, mtoto wa watu, akakubali wamwone hivyo. Na mimi nikamsukumia kopo.

Meneja akarudi, akauliza nini kimetokea. Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua. Koku alinitangulia.

"Ni mimi," akasema. "Glavu zilipasuka, nikaruhusu mikono mitupu. Na sikumwambia asijipake mafuta."

"Kwa nini hukumwambia?"

Akazima tochi. "Ningemwambiaje mzee aache kujipaka mafuta? Niliona aibu."

Meneja yule, sijui kwao ni wapi, alimtazama kama hajasikia Kiswahili. Lakini sisi wengine wote tulielewa. Watu wa kwetu wote mle ndani walielewa. Mtoto aliyelelewa hawezi kumwambia mtu wa umri wa baba yake kwamba mikono yako usiipake, kaa umepauka. Ni kama kumwambia avue nguo. Aliniheshimu, na heshima hiyo ikala gia zake.

Ndipo na mimi niliposema. Nikasema, Meneja, ni mimi, mikono ni yangu. Akasema, "Sawa mzee, tumesikia," kwa sauti ile ya kumpisha mtu mlangoni, akaendelea kuongea na Koku. Imebaki seti moja, alimwambia. Hii ikishikana, unajua. Koku akasema anajua.

Vijana, mimi nimeshawahi kutukanwa. Mashaka aliwahi kunirushia spana. Rubani mmoja aliwahi kuniita mpumbavu mbele ya abiria. Hayo yanapita, unakula, unalala, asubuhi yamekwisha. Lakini sijui mtu anafanya nini na kulindwa na mtoto. Nilikwenda nyumbani jioni ile, mke wangu akaniuliza kazi imekwendaje, nikasema vizuri, nikaenda kukata majani ya ng'ombe ambaye ameshakula.

Asubuhi nilirudi. Sikupaka kitu. Barabara nzima kuanzia Nyabiyonza nilikaa nyuma ya bodaboda nimeficha mikono kwapani kama mgonjwa. Nilifika kabla ya wengine nikajiambia leo nitafanya kila kitu kama anavyotaka yeye.

Koku alikuwa ameagiza glavu kubwa Bukoba. Aliziweka mezani, akampa Hamisi jozi moja, akachukua jozi moja. Nilisubiri. Akaniletea kiti. Kile cha plastiki cha Meneja, akakifuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe, akakiweka mahali penye kivuli.

"Kaa hapa, Ta. Upumzike. Wewe utatusaidia kusikiliza."

Nikakaa. Ningefanya nini. Wakaosha gia, mimi nimekaa. Hamisi akakagua meno kwa kioo cha kukuzia, jicho moja limefungwa, mimi nimekaa na kidole changu. Chai ilipokuja nilipewa wa kwanza, kikombe chenye kisahani. Kila aliyeingia alinisalimia shikamoo, hata wale ambao zamani walipita wakinirushia utani. Hakuna aliyezitaja gia zilizopauka. Neno lenyewe lilikufa mle ndani. Hamisi akitaka kulitamka unamwona analimeza. Nataka mlijue hili, maana na ninyi mtakuwa na wazee kwenye gereji zenu: mkimpa mtu kiti katikati ya kazi, mmeshamwondoa, hata mkimpa na chai.

Siku ya jaribio Meneja alikuwepo tena. Koku hakula chochote. Nilimwona ameshika ukingo wa meza, na ile mikono, sasa vifundo vilikuwa vinatoa damu kidogo. Hamisi akawasha. Gia boksi ikazunguka.

Ikapita pale ilipofia ile ya kwanza. Ikaendelea. Tanki likafika nusu, likapita nusu. Joto lilipanda, kisha likakaa. Koku akanigeukia, akaniita kwa mkono.

"Ta Laurenti, njoo usikilize."

Nikainuka. Nikaweka mkono wa kushoto juu ya mwili wa gia boksi nijishikize, karibu na mfuniko, pale ambapo si pa moto sana, nikaweka bisibisi, nikafumba macho. Nimesikiliza gia boksi nyingi maishani mwangu, zote zimelowa oili niliyoitia kwa mikono yangu. Sijawahi kusikia moja inaimba vile. Haikuwa na tone ndani yake. Hakuna kutafuna, hakuna kuparura, wimbo mmoja, mkavu, safi, kama upepo unaopita kwenye waya. Nilijua kwamba itafika mwisho wa tanki. Nilijua kabla ya wote.

"Unasikiaje?" akaniuliza.

"Inaimba, mwanangu. Itafika."

Akacheka, machozi yakamtoka, akanishika bega, akanisemesha kwa neno la kwetu la heshima. "Waitu, Ta. Asante." Na huku ananitazama hivyo usoni, kwa upendo kabisa, bila kujua kwamba anafanya, alichukua kitambaa kwa mkono wa pili akafuta pale nilipokuwa nimeweka mkono.

Ilikuwa nje ya gia boksi, pa bati tu. Hapakuwa na haja. Na mikono yangu siku ile ilikuwa mikavu kama kuni.

Nikarudisha bisibisi kwenye boksi la vifaa, mahali pake. Wote walikuwa wameisogelea mashine, Meneja naye amesimama kwenye kiti changu ili aone geji. Nikatoka. Mlangoni mlinzi akaniuliza kama imeshinda, nikamwambia bado inakwenda, mimi naenda kunawa.

"Usichelewe, mzee, watapiga picha."

Bomba liko pale nyuma ya ghala, upande wa kulia. Nikalipita. Nikapita kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, nikafika barabarani, bodaboda wakaniita, nikawatikisia mkono, nikaenda kwa miguu. Kutoka Kihanga kule kilimani bado nilikuwa naisikia ile dizeli, na chini yake, kama unajua kusikiliza, gia zenyewe. Nikavuka mlima zikiwa bado zinazunguka.